Ng'ombe Waliosikia Honi

Nilirudisha funguo za chumba cha kompyuta Ijumaa, na Jumatatu ninyi mlionirithi mkanipigia simu mara nne kabla sijamaliza chai. Rehema unauliza kwa nini bajaji ya kwenye gemu inazama barabarani mpaka kiunoni. Daudi unauliza kama inawezekana kuwarudisha ng'ombe wa zamani, maana wanafunzi wanalalamika kwamba hawa wa sasa ni wasumbufu. La bajaji nimeshalijibu. La ng'ombe siwezi kulijibu kwa simu, ndiyo maana nimekaa hapa uani na daftari. Ng'ombe wale wa zamani walikaribia kumkosesha leseni mama mmoja wa Rungwa, na kama si mguu wa Mwalimu Shabani wangemkosesha zaidi ya leseni. Kwa hiyo someni mpaka mwisho, ndipo mguse kitu.

Vyeo na mshahara siandiki. Cheo kilikuwa kimoja, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza pale chuo cha udereva Utemini kama mwalimu wa alama za barabarani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alitaka niuze vitenge dukani kwake kama dada zangu, lakini mimi mteja akiniomba nipunguze bei mara tatu nakunja kitambaa narudisha kabatini, kwa hiyo hata yeye alishukuru nilipopata kazi nyingine. Gari la kufundishia lilikuwa moja, lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Wanafunzi walikuwa wengi, wakingoja zamu kwenye benchi kuanzia asubuhi. Wengine walingoja hadi wakasahau hata nilichowafundisha darasani.

Siku moja bosi akarudi kutoka safari na kompyuta kuukuu, usukani wa plastiki wenye pedeli tatu, na gemu la kuendesha malori. "Mwalimu Zuhura," akasema, "hawa wanaongoja zamu wafanyie mazoezi humu. Wewe ndiye mkubwa wa chumba hiki." Sikuwa nimewahi kushika kipanya. Siku ya kwanza nilikishika kwa mikono miwili na wanafunzi wakacheka, nami nikawaacha wacheke maana walikuwa na haki.

Gemu lenyewe lilikuwa la Ulaya huko. Theluji kila mahali, usukani upande wa kushoto, na magari yote yanakwenda kulia. Wiki ya pili Mwalimu Shabani, aliyekuwa akifundisha barabarani, alirudi na gari huku kofia ameishika mkononi na jasho linamtiririka. Mwanafunzi wangu alikuwa amekata kona akaingia kulia, uso kwa uso na lori la alizeti. "Zuhura, dada yangu," akaniambia, "unanifundishia Wazungu?"

Ndivyo nilivyopelekwa kwa Elifasi.

Elifasi alikuwa fundi wa kompyuta, Mnyiramba wa Kiomboi, mwembamba, mkali, mtu wa kutafuna karanga juu ya mashine za watu huku akiwagombeza wenye mashine wasilete vyakula. Yeye ndiye aliyenieleza modi ni nini. Gemu, alisema, ni kama nyumba ya kupanga. Ukuta si wako, lakini pazia unaweza kubadilisha, na ukiwa na akili utahamisha hata mlango, mradi mwenye nyumba hajaja. Hizo nyongeza anazoweka mpangaji ndizo modi. Zipo zilizokwisha kutengenezwa na watu wengine duniani, unazichukua na kuzirekebisha, na ambazo hazipo unatengeneza.

Kanuni yake ilikuwa moja, akiisema kama sala: "Kwanza nakili. Pili nakili. Tatu ndiyo guse." Niliidharau. Nikapoteza kazi ya wiki nzima umeme ulipokatika nikiwa katikati ya faili ambalo sikuwa nimelinakili popote. Nilikwenda kwake nimevimba macho. Hakunipa hata pole. "Sasa umeanza kazi," akasema, akanipa flashi mbili na karanga za kiganja kimoja.

Tulikwenda polepole, miaka. Tulihamisha usukani ukaja kulia. Tukageuza barabara magari yakaenda kushoto, na vioo vya pembeni vikatusumbua mwezi mzima maana kila kimoja kilionyesha upande wa mwenzake. Tukaweka matuta. Tukaweka bodaboda zinazokupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja, na hapo Mwalimu Shabani alikuja kuangalia akasema sasa hili ni gemu la Singida. Theluji tuliiondoa mwisho kabisa. Kuna kona moja ambayo hatukuiona, na nadhani huko iliendelea kuanguka mpaka mwisho wa gemu lile.

Kilichobaki kilikuwa ng'ombe. Mtu akijifunza udereva kwetu asikutane na ng'ombe, amejifunza nini? Lakini gemu lile la kwanza halikuwa na mnyama hata mmoja. Elifasi akatafuna karanga siku mbili, ya tatu akaja na wazo: tuchukue gari dogo la ndani ya gemu, tulivue bodi, tulivalishe ng'ombe. Kwa nje ng'ombe, mwenye pembe na nundu. Kwa ndani gari.

Jamani, siku ile tulicheka! Ng'ombe walisimama kwenye taa nyekundu wamepanga foleni. Mmoja alipotaka kukata kona, taa ya manjano iliwaka kwenye paja lake. Taa tulizitoa, lakini tabia hatukuweza kuzitoa, maana zilikuwa za gari. Na magari ya gemu lile yalikuwa na adabu: ukiyapigia honi yanasogea pembeni kukupisha. Basi na ng'ombe wetu wakawa hivyo. Unapiga honi, wanasogea wote kushoto, unapita. Wanafunzi waliwapenda sana. Watu walikuja kutoka Mandewa kuangalia tu. Hakuna hata mmoja wetu, si Elifasi, si Shabani, si mimi, aliyejiuliza ule utii tunamfundisha nani.

Miaka ikapita hivyo hadi kompyuta kuukuu ikafa. Bosi alileta mpya, na ile mpya ililikataa gemu la zamani kabisa, haikutaka hata kulifungua. Ikabidi tuchukue gemu la pili, mtoto wa lile la kwanza, lililotoka miaka mingi baadaye. Nikasema moyoni, kazi ya siku mbili, nitahamisha modi zangu zote nirudi darasani. Kazi ile ilichukua msimu mzima wa mvua.

Hapa nawaandikia la kazi, kwa hiyo Rehema chukua kalamu. Gemu la pili hata likiwa mtoto wa lile la kwanza, limelelewa nyumba nyingine. Majina ya mafaili yamebadilika, na vipimo vimebadilika. Bodaboda yangu ya kwanza kuhamia ilitokea kubwa kuliko jengo la ghorofa, ikapita juu ya mji wote bila kugusa kitu. Ya pili ilitokea ndogo kama mende. Kitu ambacho gemu limekosa rangi yake kinatokea waridi kali, na kwa wiki mbili matuta yangu yote yalikuwa waridi kama keki za harusi. Magurudumu yalizunguka pembeni ya gari kwa furaha yao wenyewe. Usijaribu kuhamisha vitu vyote kwa pamoja. Hamisha kimoja, fungua gemu, angalia, funga, andika. Nililigawa daftari langu kurasa katikati, kushoto jina la zamani, kulia jina jipya, na daftari hilo lipo kwenye droo ya chini. Msilitumie kufunikia chapati.

Wa mwisho tena wakawa ng'ombe. Elifasi alikuwa ameshastaafu amerudi Kiomboi kwenye mashamba yake, nikampigia simu. "Bi Zuhura," akasema, "gemu jipya lina wanyama?" Nikamwambia wapo, swala na kulungu, wana akili zao, ukipiga honi mmoja anakimbia, mwingine anaduwaa, mwingine anarudi alikotoka. "Basi ng'ombe usimhamishe na gari lake. Mvalishe yule kulungu." Nikamjibu kwamba wanafunzi watashindwa, watalia, watasema chuo kigumu. Akasema, "Waache walie humo ndani."

Sikumsikiliza. Nasema wazi: ilikuwa huruma kidogo na kiburi kingi. Wale ng'ombe walikuwa maarufu, na walikuwa wangu. Nikatumia wiki tatu kuyalazimisha magari yaliyovaa ng'ombe yaingie kwenye gemu jipya, nikaenda hadi kuwatengenezea upya ule utii wa honi, kwa sababu magari ya gemu jipya hayakuwa na adabu tena. Fikirini. Gemu lenyewe lilikataa kusema uongo, mimi nikalifundisha. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nilikuwa njiani.

Ndipo akaja Agnesi.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, kazaliwa Iramba, kaolewa Rungwa, mfugaji nyuki. Kikundi chao kilikuwa kimepata pikapu ya kutolea asali, na hakuna hata mmoja aliyejua kuendesha. Nilimwuliza walimchaguaje. "Kwa sababu mbili, mwalimu," akasema. "Naona mbali, na sinywi." Lakini kulikuwa na sharti. Aliyewapa gari alisema msimu wa kurina asali ukifika na gari halina dereva mwenye leseni kutoka ndani ya kikundi, linahamishiwa kwa kikundi kingine. Msimu ulikuwa umebakiza wiki chache kuanza. Agnesi aliacha watoto kwa mama mkwe, akapanga chumba Mandewa, akaja.

Sijaona mtu mwenye bidii kama yule. Zamu yake ya gari ilikuwa nusu saa kwa siku, saa zilizobaki zote alikaa kwenye usukani wangu wa plastiki. Asubuhi alifika kabla yangu, amekaa kizingitini, "Shikamoo mwalimu," ananisalimia kwa heshima ingawa miaka tuliyopishana si mingi, kisha anaingia. Alipita kwenye lile kundi la ng'ombe labda mara mia. Honi, wanasogea, anapita. Nilimsifu. Nilimwita mfano wa darasa.

Siku tano kabla ya mtihani alitoka na Mwalimu Shabani kupita Mandewa. Mbele likatokea kundi likivuka. Agnesi akapiga honi, na mguu wake haukwenda kwenye breki. Ukabaki kwenye mafuta. Ng'ombe hawakusogea. Mchungaji, baba mtu mzima, alikuwa katikati yao amenyoosha fimbo. Shabani alikanyaga breki yake kwa miguu yote miwili, gari likaenda likageuka likasimama limeelekea lilikotoka. Ng'ombe mmoja aligongwa ubavuni na kioo cha pembeni, akaondoka anachechemea. Mchungaji alikuwa amesimama umbali wa hatua mbili tu.

Walirudi, Shabani ndiye aliyeshika usukani. Alikwenda kunawa uso bombani. Agnesi alishuka akasimama mbele yangu.

Nikamwambia, "Pole. Ni wasiwasi tu, kila mwanafunzi..."

"Si wasiwasi, mwalimu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya mbele. Ng'ombe hasogei kwa honi, najua. Mtoto wa kwetu anajua. Kichwa changu kilijua pale pale. Lakini mguu haukuniuliza mimi. Mguu umefundishwa na kompyuta yako."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Alikuwa anakwenda kufunga mizigo. Alisema heri gari liende kwa wengine kuliko yeye kurudi Rungwa na damu ya mtu. Nilimfuata hadi getini, nikamshika mkono. "Agnesi, nipe siku mbili. Sikuombi ukae kama mwanafunzi. Wewe unawajua ng'ombe, mimi siwajui, baba yangu alikuwa anauza vitambaa. Kaa unifundishe."

Aliniangalia sana. Kisha akarudi.

Niliwafuta ng'ombe wote, nakala tu nikabakiza. Nikachukua kulungu wa gemu jipya, nikamvalisha ngozi, pembe na nundu, na Agnesi akakaa pembeni yangu kwenye kigoda akinirekebisha. "Huyu mwepesi mno, ng'ombe anavuka kama mtu aliyeshiba." Nikapunguza mwendo. "Hawavuki wametawanyika, yupo wa mbele na wengine wanamfuata. Akisimama yeye, wote wanasimama katikati ya barabara." Nikaweka wa mbele. "Anayekuangalia wewe hana neno. Mwogope yule anayemwangalia mwenzake ng'ambo, huyo atavuka hata kama wewe ni treni." Hilo lilinichukua nusu siku kuliweka. "Na ndama. Ndama anabaki nyuma kwenye majani, mama yake ameshavuka. Wewe unadhani kundi limekwisha, unaondoa gari, naye anatoka mbio." Ukiangalia leo kwenye faili la kundi, mstari wa ndama ni wake. Sikubadilisha hata namba.

Siku ya pili jioni akakaa kwenye usukani. Akapiga honi. Akagonga. Akarudia, akapiga honi, akagonga. Mara ya sita alipiga kofi usukani, "Ebo! Mguu gani huu!" Nikaichomoa honi kabisa, kidole chake kikawa kinabonyeza kitu kisicholia. Ilichukua siku mbili nyingine mpaka kidole kikaacha kutafuta na mguu ukaenda wenyewe kwenye breki. Shabani alikuja kuangalia mlangoni, akaondoka, kesho yake akampa Agnesi zamu yake na ya mtu mwingine.

Mtihani uliangukia siku ya mnada wa mifugo. Mtahini hakuichagua siku, lakini barabara aliichagua: ile inayokwenda mnadani. Shabani alikuwa na mwanafunzi mwingine, nikakaa mimi kiti cha nyuma. Afande mtahini alikaa mbele na karatasi zake magotini, mtu wa makamo, hacheki.

Hatukufika mbali, kundi hilo. Agnesi akapunguza, akasimama, akavuta breki ya mkono. Ng'ombe wakaanza kuvuka kwa raha zao. Nyuma yetu foleni ikaanza.

"Mama, piga honi," akasema afande. "Watu wanangoja."

Askari amesema. Mtihani ni wake, kalamu ni yake.

"Samahani, afande," akasema Agnesi. "Ng'ombe hajui honi. Nitasubiri."

Afande akaandika kitu. Kundi likavuka, vumbi likatulia, barabara ikawa nyeupe. "Haya, twende." Agnesi hakuondoa gari. "Mama, nimesema twende." Alikuwa anamwangalia ng'ombe mmoja ng'ambo aliyesimama na kugeuza shingo. "Bado mmoja, afande," akasema, na hapo hapo ndama akachomoka majanini, akapita mbele ya bampa akiwa amenyanyua mkia.

Afande alituelekeza turudi uwanjani. Akasaini, akampa Agnesi karatasi. "Umefaulu, mama. Nenda kaendeshe." Agnesi aliishika kwa mikono miwili, akatoka nje ya gari, akapiga vigelegele peke yake katikati ya uwanja wa polisi bila kujali mtu. Asali ya mwaka ule ilitoka Rungwa kwa pikapu yao, yeye kwenye usukani.

Mimi nilikuwa bado nimekaa nyuma. Afande akageuka. "Nani kamfundisha huyu?"

Ningeweza kusema mimi. Nikasema, "Afande, mimi nilimfundisha kupiga honi. Kusubiri alikuja nako kutoka kwao, na ilibaki kidogo nimsahaulishe." Nikamweleza yote, ng'ombe, gari lililovaa ngozi, miaka yote.

Alisikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi zake. "Na wale wa kabla yake?"

Sikuwa nimewafikiria kabisa. Nilirudi chuoni nikafungua vitabu vya kuandikisha wanafunzi, nikaanza kuwapigia simu, mmoja mmoja, kila siku baada ya darasa, hadi wiki niliyostaafu. Namba nyingi hazipatikani. Waliopatikana wengi walicheka, wakasema mwalimu, hayo tulishayasahau, barabara imetufundisha. Niliwashukuru. Mmoja, dereva wa lori siku hizi, nilimkuta ameegesha mahali, nikamweleza kama nilivyowaeleza wenzake: yale ya ng'ombe kusogea yalikuwa uongo wangu, usiyafuate.

"Mwalimu," akasema, "ungenipigia mwaka jana, kabla sijaipiga ile honi."